Samaki Hawapumui Peke Yao

Ukiamka alfajiri ukakuta samaki wote wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, wanahema kwa haraka, jirani yeyote atakwambia wamekosa hewa, nenda kanunue pampu. Mara nyingi atakuwa amesema kweli. Lakini zipo asubuhi ambapo oksijeni imo majini ya kutosha na samaki bado wanakufa kwa kukosa pumzi, kwa kuwa damu yao imeshindwa kuibeba. Zipo pia ambapo pampu inanguruma, mapovu yanapanda vizuri, na ubaya wote umejificha ndani ya kichujio. Anayeshughulikia hewa leo na uchujaji mwezi ujao, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana, ataendelea kuzika samaki. Ndani ya kila kichujio kinachofanya kazi wanaishi bakteria wasiohesabika, na wao wanatumia oksijeni ile ile wanayoitumia samaki. Wakikosa, huacha kusafisha maji. Wakiacha kusafisha maji, samaki hawawezi kupumua hata ukiwawekea pampu tatu.

Nawaandikia wenye tangi la maji baridi sebuleni, dogo au kubwa, wenye gapi, samaki wa dhahabu, perege wachanga, mbuna wa Ziwa Nyasa au sikilidi wa Tanganyika. Kanuni ni zile zile kwa wote, ingawa si wote wenye uvumilivu sawa.

Tuanze na kiasi cha oksijeni chenyewe, maana wengi hawaamini ni kidogo namna gani. Hewa tunayovuta sisi ina oksijeni asilimia 21. Maji baridi yaliyoshiba oksijeni kabisa, yakiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi usawa wa bahari, hubeba miligramu 9 hivi tu kwa lita. Yakipanda hadi nyuzi 25 hubeba 8.3, na kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la tangi la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hubaki 7.6. Joto hilo hilo linalopunguza oksijeni huongeza mwendo wa mwili wa samaki, akahitaji oksijeni zaidi. Anabanwa pande zote mbili.

Mtu wa Nairobi akisoma hayo asijione yuko salama kwa sababu mji wake una ubaridi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa huko ni ndogo kwa takriban moja ya tano, hivyo oksijeni inayosukumwa kuingia majini nayo hupungua kwa kiasi hicho. Tangi la Nairobi lililowekewa hita na kufikishwa nyuzi 26, joto ambalo samaki wengi wa tropiki wanalitaka, likishiba huwa na miligramu 6.5 hivi kwa lita. Ni pungufu kuliko tangi la Dar es Salaam kwenye nyuzi 30. Kwa samaki wengi tunaofuga, tunataka kiwango kisishuke chini ya 5. Utaona basi kwamba nafasi ya kukosea ni nyembamba pwani, na bara la juu ni nyembamba zaidi.

Maziwa yetu makuu yanaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kabisa, lakini oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu: mita 100 hivi upande wa kaskazini, na zaidi kidogo ya 200 kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyo na samaki hata mmoja, kwa sababu hayakutani na upepo. Samaki wengi wa mapambo wanaosafirishwa nje ya nchi kutoka maziwa haya hutoka kwenye miamba ya ufukweni, mahali ambapo mawimbi hupiga mchana na usiku. Wale wa jamii ya Tropheus, kwa mfano, wamezoea maji yaliyovurugwa na mawimbi hadi yakashiba oksijeni. Kuwaweka katika tangi lililotulia kama kioo ni kuwatesa, hata kama maji yenyewe ni safi.

Upepo na mawimbi ndiyo siri yote. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, na kaboni dayoksaidi hutoka kupitia hapo hapo. Mapovu yanayopanda kutoka kwenye jiwe la hewa huchangia kidogo kwa kugusana na maji yakiwa njiani, lakini kazi yao kubwa ni kuyabeba maji ya chini hadi juu na kuvuruga uso. Ndiyo maana pampu ndogo inayovuruga uso wote wa tangi inafaa kuliko pampu kubwa inayotoa safu moja nene ya mapovu kwenye kona huku upande wa pili maji yametulia. Tazama uso wa tangi lako sasa hivi. Ukiona utando mwembamba unaong'aa kama mafuta, ujue hewa inazuiwa kuingia. Utando huo hutokana na chakula chenye mafuta na mabaki yanayooza, na huvunjika maji yakitikiswa. Kama tangi lina kichujio cha pampu ya umeme, elekeza mdomo wake juu kidogo ili maji yanayorudi yakwaruze uso.

Umbo la tangi nalo ni sehemu ya hewa. Mafundi vioo wetu hupenda kutengeneza matangi marefu kwenda juu kwa sababu yanapendeza ukutani na hayali nafasi ya chumba. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye kina cha 30 hubeba lita 54, na uso wake ni mpana. Lita hizo hizo ukiziweka katika tangi la sentimita 30 kwa 30 lenye kina cha 60, uso wa maji umepungua nusu. Ukiwa bado hujamlipa fundi, mwambie alaze tangi. Mfuniko pia usizibe kabisa. Acha mwanya wa hewa kupita, ila usiwe mkubwa kiasi cha samaki kuruka nje.

Mimea ya majini inasaidia, lakini si kwa namna ambayo wengi wanaiamini. Mchana ikiwa na mwanga hutoa oksijeni. Taa ikizimwa, mimea hupumua kama viumbe wengine na kuchukua ile ile iliyoitoa. Ndiyo sababu oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko, na ndiyo sababu samaki huonekana wakihema alfajiri na saa nne wakawa wazima. Mwenye tangi lenye mimea mingi anayezima pampu ya hewa usiku ili alale bila kelele amechagua saa mbaya kuliko zote. Kama kelele ndiyo shida, weka pampu juu ya kitambaa kilichokunjwa au kipande cha sponji, usiiegemeze ukutani, na hakikisha raba yake ya ndani haijachanika. Raba hiyo huchakaa. Mwenye duka akiwa na ya akiba, inunue siku unayonunua pampu.

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya ughaibuni haviisemi sana, nayo kwetu ni ya kila siku. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini pamoja na chochote kilichomo. Dawa nyingi za mbu za kupuliza zina sumu za jamii ya pairethroidi, ambazo mtu huzistahimili lakini samaki huuawa nazo kwa kiasi kidogo mno. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa. Ikilazimu, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, piga dawa kidogo mbali nalo, kisha fungua madirisha mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kuwasha tena. Rangi ya ukutani na moshi wa jiko la mkaa navyo viwekewe tahadhari hiyo hiyo.

Sasa kichujio. Wauzaji hukisifu kwa kung'arisha maji, na mnunuzi hukipima kwa macho: maji yakiwa maangavu, anaridhika. Hapo ndipo samaki wengi hupotea. Kunasa uchafu unaoonekana ni kazi nyepesi kabisa ya kichujio, na hata kitambaa kinaiweza. Kinachoua samaki hakionekani. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila dakika, na chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza nyingine. Amonia haina rangi, na kwa kiwango cha kuua haina hata harufu. Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa na yakawa sumu.

Wanaoiondoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye sponji, mawe, changarawe na kuta za vioo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, nasi tukaiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kundi la pili ni Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaofanya kazi hiyo hasa ni jamii ya Nitrospira. Jambo hilo linamhusu mfugaji anayeuziwa chupa ya bakteria. Asome kilichomo, na asitegemee kwamba kila chupa ina wanaofaa, wala kwamba waliomo bado wako hai baada ya kukaa kwenye joto la dukani.

Kazi hii yote inahitaji oksijeni nyingi. Kugeuza miligramu moja ya naitrojeni ya amonia hadi kuwa nitrati hula zaidi ya miligramu 4 za oksijeni. Kichujio kilichoziba kwa uchafu, ambamo maji yanapita kwa shida, kinawanyima bakteria hewa, na uchafu ule ukioza unakula oksijeni nyingine juu yake. Kwa hiyo ukiongeza hewa katika tangi huongezi uhai wa samaki tu. Unaongeza nguvu ya kichujio.

Ukali wa amonia hutegemea pia uasidi wa maji, yaani kipimo cha pH. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 5 hivi, na kwenye pH 9 zaidi ya theluthi moja. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na anayefuga samaki wa huko hujitahidi kuyaiga. Huyo hana ruhusa ya kuwa na kichujio dhaifu. Kiasi cha amonia ambacho gapi katika maji ya pH 7 hatakihisi, kwa sikilidi wake ni kifo.

Upande wa pili kuna wanaotumia maji ya mvua pekee. Maji hayo ni laini, hayana madini ya chokaa, na bakteria wanapofanya kazi yao hutengeneza tindikali inayokula chokaa iliyopo. Ikiisha, pH huporomoka na bakteria hupunguza kazi hadi karibu kusimama. Dawa yake ni rahisi: changanya na maji ya kisima yenye madini, au weka ndani ya kichujio konzi moja ya kome na simbi zilizooshwa na kupondwa. Kama kisima chenu ni cha maji magumu tayari, usiongeze kitu.

Tangi jipya halina bakteria hao. Itachukua wiki 4 hadi 6 waongezeke kufikia kiasi cha kulihudumia, wakati mwingine zaidi. Hakuna njia ya kuupita muda huo kwa fedha, lakini ipo njia ya kuufupisha kwa urafiki: omba kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi, lenye samaki wazima, kipande cha sponji yake ikiwa bado mbichi na chafu. Ibebe ndani ya maji ya tangi lake, siyo ndani ya mfuko mkavu, na uiweke kwako siku hiyo hiyo. Hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote mfugaji anaweza kumpa mwenzake. Usipoipata, anza na samaki wachache sana, wagumu, uwalishe kidogo mara moja kwa siku, na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu mpaka vipimo vionyeshe amonia na nitriti ziko sifuri. Vikaratasi au matone ya kupimia vinapatikana katika maduka ya samaki ya miji mikubwa. Nunua cha nitriti na cha amonia kabla ya kununua taa za rangi.

Nitriti ndiyo sumu ya zile asubuhi nilizozigusia mwanzo, oksijeni imo majini lakini damu imeshindwa kuibeba. Ikiingia kwenye damu ya samaki huigeuza himoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu huwa ya rangi ya kahawia. Samaki anahema juu ya maji yenye oksijeni tele. Ukiona hivyo katika tangi la wiki ya tatu, pampu ya pili haitamwokoa. Badilisha nusu ya maji, acha kulisha, na uweke chumvi ya kawaida ya mezani, gramu moja kwa kila lita, ikiwa imeyeyushwa pembeni kwanza. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huzuia nitriti isiingie kupitia matamvua. Ni huduma ya kwanza ya gharama ndogo na inafanya kazi, ingawa mimea mingine haitaipenda.

Kuhusu aina za vichujio nitasema wazi ninakoegemea. Kwa nyumba nyingi za kwetu, kichujio bora ni kile cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Kipo cha kutundika ukingoni mwa tangi, kizuri na rahisi kusafisha. Kipo cha kopo lililofungwa linalokaa chini ya meza, chenye nafasi kubwa ya bakteria, kinachofaa matangi makubwa, na bei yake inajulikana. Kipo cha kuzama ndani chenye injini ndogo. Vyote vinafaa vikiangaliwa. Lakini sponji inafanya kazi mbili kwa waya mmoja wa umeme: hewa inayopanda kwenye bomba lake huyavuta maji kupitia sponji, na papo hapo huvuruga uso. Haimezi vifaranga vya samaki. Haina injini majini ya kuungua. Na umeme ukikatika, haigeuki kuwa mtego.

Inatengenezeka nyumbani pia. Chukua bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa kutoka karibu na sakafu ya tangi hadi karibu na uso wa maji. Ziba mwisho wa chini na utoboe matundu mengi madogo kwenye sehemu ya chini itakayovikwa sponji. Kata sponji nene ya fundi wa viti, itoboe katikati, ivishe bomba kwa kubana. Ingiza mpira mwembamba wa hewa hadi chini ndani ya bomba, ukiwa na jiwe dogo la hewa mwishoni ukiweza, maana mapovu madogo huinua maji vizuri zaidi. Mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa hutumiwa na wengi na unafaa. Funga jiwe zito chini ili bomba lisielee. Kabla ya yote, loweka sponji na kuikamua mara nyingi mpaka isitoe rangi wala harufu, na kamwe usitumie sponji ya kuoshea vyombo iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu vijidudu ndio unaowataka. Tangi lenye urefu wa mita moja liwekewe sponji mbili, kila upande moja. Faida yake ni kwamba utazisafisha kwa zamu.

Kwa vichujio vya injini, maboksi huandika lita kwa saa. Tafuta kinachozungusha maji ya tangi lako mara 4 hadi 6 kwa saa, na ujue namba ya kwenye boksi hupimwa kikiwa kitupu; kikijaa sponji na mawe hupungua sana. Ndani yake, mawe mepesi ya volkano yenye vitundu au vigae vya vyungu visivyopakwa rangi vilivyovunjwa ni makao mazuri ya bakteria, na havina haja ya kubadilishwa. Mkaa maalumu wa kuchujia huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, lakini hauondoi amonia, na nguvu yake huisha baada ya wiki chache. Mkaa wa kupikia hauchukui nafasi yake.

Umeme kukatika ni jambo la kupanga kabla halijatokea. Kwanza, pampu ya hewa ikiwa chini ya usawa wa maji na umeme ukazimika, maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi kwenye pampu, yakaiharibu, yakamwagika sakafuni na kufika kwenye soketi. Weka pampu juu kuliko tangi, au uweke kwenye mpira ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, ambayo bei yake ni ndogo mno. Waya za umeme zote ziachwe zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linaloteremka na waya lidondoke chini lisifike kwenye plagi.

Pili, kichujio cha kopo kikisimama kwa saa kadhaa huwa hatari. Maji yaliyofungiwa ndani huishiwa oksijeni haraka kwa kuwa bakteria wenyewe wanaitumia; wanaanza kufa na uchafu kuoza bila hewa. Umeme ukirudi usiku, kinamwaga maji hayo mabovu tangini kabla hujaamka. Kama umeme umekatika zaidi ya saa mbili au tatu, chomoa plagi yake, na utakaporudi ufungue, umwage maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi haina tatizo hilo kwa ukubwa huo, kwa sababu maji ya tangi yanaendelea kuizunguka.

Zipo pampu ndogo za hewa zinazotumia betri, na zipo za waya wa kuchajia simu ambazo huendeshwa na pawa benki usiku mzima. Moja ya hizo inapaswa kuwa katika kila nyumba yenye tangi. Ukiwa huna, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Usilishe samaki mpaka umeme urudi. Samaki mzima hukaa siku kadhaa bila kula na hadhuriki, lakini aliyekula hutumia oksijeni zaidi na kutoa amonia zaidi. Joto likizidi, elekeza feni kwenye uso wa maji ukiwa na umeme, au weka juu ya maji chupa iliyofungwa yenye barafu, ukishusha joto polepole.

Usafi wa kichujio huharibiwa na watu wanaopenda usafi kupita kiasi. Sponji ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria wengi wa miezi wanaweza kufa kwa muda mfupi, na tangi linarudi kuwa jipya huku samaki wote wamo. Osha sponji ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi, ikamue mpaka maji yapite kwa wepesi, basi. Isitoke nyeupe kama mpya. Kama kuna vitu viwili ndani ya kichujio, safisha kimoja leo na kingine baada ya wiki mbili. Na usioshe kichujio siku ile ile unayokwangua changarawe na kubadilisha maji mengi.

Badilisha robo ya maji kila wiki, ukinyonya uchafu wa sakafuni kwa mpira. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo pana usiku kucha, ukiyapuliza hewa kama una pampu ya akiba, klorini itaondoka. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kulaza hakutoshi, na inabidi ununue dawa ya kuiondoa. Ulizeni ofisi zenu za maji; ni haki ya mteja kujua.

Nimeacha mwishoni jambo linaloamua mengi: idadi ya samaki na mkono wa anayelisha. Hakuna kichujio kinachoshinda kopo la chakula mikononi mwa watoto watatu. Kilichoachwa baada ya dakika mbili au tatu kitolewe. Samaki wa dhahabu, anayeuzwa sana na kuwekwa kwenye bakuli la duara, ni mlaji na mchafuzi mkubwa, hukua kuzidi urefu wa kiganja, na bakuli lile lina mdomo mwembamba usioingiza hewa. Asiwekwe humo. Beta na gurami wanaweza kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu, hivyo huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, lakini amonia huwaunguza matamvua sawa na wengine, kwa hiyo nao wanahitaji kichujio, cha mkondo wa taratibu.

Ukiwa unapanga kununua tangi mwezi huu na fedha hazitoshi kila kitu, acha taa, acha mchanga wa rangi, acha sanamu ya jahazi. Nunua tangi pana, sponji mbili, pampu ya hewa yenye vali yake, na pampu moja ya betri. Washa, mtafute mwenye sponji ya zamani akupe kipande, na usubiri vipimo vikubali. Samaki wanunuliwe mwisho.